Feni ya Tanga na ukungu wa Lushoto

Januari ya miaka kadhaa iliyopita, katika zile wiki ambazo joto la kaskazi humfanya mtu wa Tanga alale sakafuni ili apate ubaridi wa saruji, mtoto wa mdogo wangu, aliyekuwa na umri wa miezi mitano, alianza kwa mafua mepesi, siku ya pili akaongeza kikohozi, na usiku wa siku ya nne akawa anapumua haraka mno, pua zikitanuka na ngozi ya chini ya mbavu ikizama ndani kila alipovuta pumzi. Tulimkimbiza hospitalini, akawekewa oksijeni, akalazwa siku tano, kisha akarudi nyumbani mzima. Alipokuwa bado wodini mama mkubwa alifika na chupa ya uji mkononi na hukumu mdomoni: "Nilisema tangu mwanzo, ile feni. Mmemwachia mtoto upepo usiku kucha, baridi imemwingia kifuani." Shemeji yangu aliinamisha kichwa bila kujibu, kwa kuwa mke aliyeolewa katika ukoo hajibizani na wakubwa mbele ya watu, na kwa siku zote tano nilimwona akijilaumu kwa kosa ambalo, kwa kadiri ninavyoelewa sasa, hakulitenda.

Daktari wa zamu alitueleza kwamba kifua cha mtoto kilikuwa kimeziba kwa sababu ya virusi vinavyoshambulia vijia vidogo kabisa vya hewa ndani ya mapafu ya vichanga, na kwamba wiki ile wodi ilikuwa imejaa watoto wa namna hiyo. "Huu ndio msimu wake," alisema, akageukia kitanda cha pili. Neno hilo ndilo lililonishika. Mimi ni mwalimu wa jiografia, misimu ndiyo kazi yangu, na nimezaliwa Lushoto, ambako msimu wa vifua unajulikana na kila mtu: ni kipupwe, Juni hadi Agosti, wakati ukungu unapolala mabondeni hadi jua liwe limepanda sana. Ilikuwaje basi msimu wa kuziba vifua uangukie Januari, mjini Tanga, ambako mchana hata maji ya bombani hutoka yamepata moto? Swali hilo limenisomesha mengi tangu siku ile, na ninayoandika hapa ni yale niliyoyakuta.

Lugha yetu ilikwisha kuamua kesi hii zamani. Tunasema mtu ameshikwa na baridi, baridi imemwingia, baridi imempanda kichwani. Hata maumivu ya viungo, yasiyohusiana na kipupwe wala feni, tumeyaita baridi yabisi. Hatuko peke yetu katika hili. Neno influenza ni la Kiitaliano na maana yake ya kwanza ni athari au mvuto, kwa sababu watu wa huko waliamini kwamba homa hiyo ililetwa na mvuto wa nyota, na wengine wakataja mvuto wa baridi. Virusi vyenyewe vya homa ya mafua havikutengwa kutoka kwa binadamu mpaka mwaka 1933, mjini London. Kwa maelfu ya miaka kabla ya hapo mtu aliona mambo mawili tu, hali ya hewa kubadilika na watu kuanza kukohoa, akayaunganisha. Na nisingemlaumu, maana hakukosea kwamba mambo hayo mawili yanafuatana. Alikosea katika kudhani kwamba baridi ndiyo ugonjwa wenyewe.

Anayetaka kuelewa jambo hili apande gari Mombo asubuhi ya mwezi Julai. Mombo iko bondeni, kuna joto, mikonge imesimama kwenye vumbi. Barabara ikianza kupinda kuelekea Soni abiria huanza kufunga vioo kimoja baada ya kingine, na baada ya kilomita zipatazo thelathini, Lushoto mjini kwenye mwinuko wa kama mita 1,400, wote wamejifunika makoti na gari zima limefungwa kama chupa. Hivyo ndivyo pia tulivyolala kwa bibi. Watoto wanne kitanda kimoja, dirisha dogo la mbao limefungwa na nyufa zake zimezibwa kwa vitambaa, moto wa kuni unafuka jikoni mlango wa pili, na ikifika katikati ya Julai tunakohoa kwa zamu, yaani anayepona anamwachia aliye karibu naye. Bibi alisema ni ukungu. Ukungu ni maji, alisema, ukiuvuta unakaa kifuani.

Hapo ndipo somo langu la darasani lilipokutana na bibi kwa mara ya kwanza, nalo lilinishangaza mimi mwenyewe niliyekuwa nikilifundisha. Shuleni kwetu tuna kisanduku cheupe cha vipimo vya hali ya hewa, chenye kipimajoto kikavu na kile kilichofungwa utambi uliolowa, na kila mwaka kidato cha kwanza huandika asilimia ya unyevu bila kuuliza ni asilimia ya nini. Ni asilimia ya maji ambayo hewa ya joto lile ingeweza kubeba, na uwezo huo hubadilika sana. Hewa ya nyuzi 30 inaweza kubeba karibu gramu 30 za mvuke wa maji katika kila mita moja ya ujazo. Hewa ya nyuzi 20 hubeba kama gramu 17. Hewa ya nyuzi 10 haizidi gramu 9 na nusu. Kwa hiyo asubuhi ya ukungu Lushoto, nyuzi 14, hewa imeshiba asilimia mia moja na matone yananing'inia kwenye majani ya mipeasi, lakini mvuke uliomo ni gramu 12 tu. Mchana wa Januari Tanga, nyuzi 31 na unyevu wa asilimia 70, mtu anaona hewa ni ya kawaida kwa pwani, na kumbe imebeba gramu 22. Ule ukungu wa bibi, uliokuwa ukitulowesha nywele tukienda shule, ulikuwa na mvuke wa maji unaopita kidogo tu nusu ya ule uliomo katika hewa ya Tanga inayokausha nguo ndani ya saa mbili. Na hewa hiyohiyo ya Lushoto ikiingia ndani ya nyumba na kupashwa moto kwa jiko, bila kuongezewa maji, inakuwa hewa kavu.

Maji hayo yana umuhimu kwa sababu ya namna tunavyoambukizana. Mtu anapokohoa, kupiga chafya, kuimba au hata kuzungumza tu, hurusha vitone vya ute vya ukubwa mbalimbali. Vikubwa huanguka karibu naye, vidogo hukauka kabla havijafika chini na kubaki vikielea kama vumbi jepesi lisiloonekana. Mmarekani William Wells alilieleza jambo hili mwaka 1934, na kwa miaka mingi halikupewa uzito lililostahili. Hewa ikiwa na maji machache, kitone hukauka upesi zaidi, huwa chepesi zaidi na huelea muda mrefu zaidi, na virusi vya homa ya mafua vilivyomo hudumu na uhai wao. Wakati huohuo pua ya anayeivuta hewa hiyo hukauka, na ule ute ambao vinywele vidogo sana vya njia ya hewa huusukuma nje mchana na usiku, ukibeba uchafu na vijidudu, huwa mzito na kwenda polepole. Mlango umefunguka kwa mgonjwa na kwa mzima kwa pamoja.

Jaribio lililonipendeza kuliko yote lilifanywa kwa simbilisi, wale wanyama wadogo ambao ndugu zetu wa nyanda za juu hufuga jikoni. Peter Palese na wenzake wa New York walikuwa wakitafuta mnyama anayeambukizwa homa ya mafua kama binadamu, wakakuta katika taarifa ya kitabibu ya mwaka 1919 kwamba simbilisi wa maabara walikufa katika kambi ya kijeshi ya Camp Cody, New Mexico, wakati wa janga kubwa la homa ile. Wakawachukua simbilisi, wakaweka vizimba vya wagonjwa karibu na vizimba vya wazima, wasigusane, wakabadilisha joto na unyevu tu. Matokeo yalitoka mwaka 2007. Katika nyuzi 20, unyevu ukiwa asilimia 20 au 35, ugonjwa ulivuka kwa urahisi. Unyevu ukiwa asilimia 80 haukuvuka kabisa. Katika nyuzi 5 ulivuka vizuri zaidi kuliko katika nyuzi 20. Katika nyuzi 30 haukuvuka. Miaka miwili baadaye Jeffrey Shaman na Melvin Kohn walizichambua upya takwimu za majaribio ya namna hii, wakaonyesha kwamba kinachoeleza vizuri zaidi si ile asilimia wanayoiandika wanafunzi wangu, bali ni kiasi halisi cha mvuke wa maji kilichomo hewani.

Nilipofika hapo nilidhani nimemaliza: Lushoto imeelezeka, na Tanga ingepaswa kuwa peponi. Lakini Tanga watu wanakohoa. Palese na wenzake walirudi kwa simbilisi walewale wa nyuzi 30, safari hii wakawaweka wagonjwa na wazima katika kizimba kimoja, na ugonjwa ukapita. Kwa maneno mengine joto lilizuia maambukizi ya mbali yapitayo hewani, halikuzuia yale ya kugusana na kukaribiana. Kisha mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na James Tamerius walilinganisha sehemu 78 za dunia, kutoka nchi za theluji hadi za ikweta, wakaona homa ya mafua ina tabia mbili. Mahali ambapo kuna miezi ya baridi na ukavu, hewa ikishuka chini ya gramu 11 au 12 za mvuke kwa kila kilo ya hewa na joto likawa chini ya nyuzi 18 hadi 21, homa hufikia kilele katika miezi hiyo. Mahali ambapo hewa haishuki kiasi hicho mwaka mzima, mara nyingi kilele huja na miezi ya mvua kubwa. Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu ya asubuhi ya Julai ya bibi yangu (katika mwinuko ule mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kilo moja na ushei), nikapata gramu 11 na nusu. Lushoto iko palepale kwenye kizingiti chenyewe. Tanga haikikaribii, kwa hiyo ni mwanafunzi wa darasa la pili, lile la mvua.

Hata hivyo mtoto wetu hakuugua masika. Aliugua Januari, katika miezi yenye mvua chache kuliko yote pwani, na jibu la hilo nililipata ng'ambo ya mpaka tu, Kilifi, ambako bahari ni ileile, kusi na kaskazi ni zilezile, na ambako watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, pamoja na wenzao wa Wellcome, mfuko wa Uingereza unaogharamia utafiti wa afya, wamekuwa wakifuatilia vifua vya watoto kwa miaka mingi. Virusi viitwavyo RSV, ambavyo ndivyo huwaziba vichanga namna ile, huanza kupanda Kilifi mwishoni mwa mwaka na kufikia kilele mwanzoni mwa mwaka unaofuata. Naam, kwenye joto. Virusi hivi hupita sana kwa ukaribu na kwa mikono, na mtoto aliyebebwa, aliyebusiwa na kufutwa kamasi na kila mtu hahitaji hewa kavu ili avipate. Huko Kilifi walizifuata familia moja baada ya nyingine kwa msimu mzima, wakichukua vipimo vya pua vya kila aliyekuwemo nyumbani, wakagundua kwamba mara nyingi anayemletea kichanga virusi ni kaka au dada yake mkubwa, hasa mtoto wa umri wa shule, ambaye yeye mwenyewe huwa na mafua tu ya kupangusa kwa mkono wa shati.

Niliposoma hayo nilimkumbuka binti yangu, aliyekuwa darasa la pili wakati ule, ambaye sikukuu zote za mwisho wa mwaka alishinda nyumbani kwa mdogo wangu akimbeba mtoto, akichuruzika kamasi. Sikumwambia mtu. Lakini ningeulizwa mimi ni nini kinachofanya Desemba na Januari ya pwani kuwa msimu wa vichanga, ningejibu kwamba pamoja na yote wanayopima wataalamu, ikiwa ni pamoja na kinga ya watoto inayofifia na idadi ya vichanga waliozaliwa tangu msimu uliopita, ni miezi ambayo kila mwenye jamaa hupanda basi kwenda kumwona na kila mgeni hupewa mtoto ampakate. Kalenda ya virusi inaandikwa na mbingu na pia na likizo za shule.

Upande wa pili wa bahari kuna kisa cha kuhuzunisha kinachoonyesha baridi ya milimani inavyoweza kufanya ikipata wasaidizi. Julai 2002 watu wa kijiji cha Sahafata, wilaya ya Ikongo, katika nyanda za juu za Madagascar, walianza kufa kwa ugonjwa wa kifua. Ulipochunguzwa, haukuwa kirusi kipya cha kutisha. Ilikuwa homa ya mafua ya aina ya H3N2, ambayo nchi nyingine zilikuwa zikiipata kama homa ya kawaida ya mwaka. Kufikia mwisho wa msimu ule watu zaidi ya 27,000 walikuwa wameandikishwa kuwa wameugua na 754 wamefariki. Ilikuwa kipupwe cha huko, usiku wa baridi kali, familia zimebanana ndani ya nyumba ndogo; lakini pia lishe ilikuwa duni, zahanati zilikuwa mbali, na mwaka ule nchi ilikuwa imetoka katika mgogoro wa uchaguzi uliofunga barabara na kukatiza huduma. Homa ileile katika mji wenye dawa na maziwa ingewalaza watu wiki moja. Nikisoma kisa hiki naona milima yetu: Lushoto, Makete, Mbulu, na upande wa Kenya Limuru na Nyandarua.

Sasa nimrudie bibi, kwa maana nimemwonea. Mwaka 2005, chuoni Cardiff, Ronald Eccles na Claire Johnson waliwachukua watu 180 wazima, nusu yao wakatia miguu mitupu katika beseni la maji baridi kwa dakika ishirini, nusu nyingine wakatia miguu yao na soksi na viatu katika beseni tupu. Katika siku nne au tano zilizofuata, 13 kati ya wale 90 waliopata baridi walisema wana mafua, na 5 tu kati ya wale wengine. Beseni halikuwa na virusi. Maelezo ya watafiti ni kwamba mwili ukipata baridi ghafla mishipa ya damu ya puani husinyaa, kinga ya pale hupungua, na virusi ambavyo mtu alikuwa navyo tayari bila kujua hupata nafasi ya kujitokeza. Miaka kumi baadaye, chuo cha Yale kilionyesha kwa seli za panya kwamba kirusi cha mafua ya kawaida huzaana vizuri zaidi katika joto la pua, nyuzi 33 hadi 35, kuliko katika nyuzi 37 za ndani ya mwili, kwa sababu kwenye ubaridi ule seli huchelewa kupiga mbiu ya hatari. Bibi aliyetukataza kukanyaga umande bila viatu alikuwa na hoja. Aliyekosea ni mimi, niliyemcheka nilipokuwa chuo.

Ila kati ya umande na dirisha lililozibwa kwa vitambaa, mimi naliogopa dirisha. Hali ya hewa hufanya kazi yake kubwa kwa kutusukuma ndani. Mvua ya masika ikianza kunyesha, daladala yenye abiria thelathini hufunga vioo vyote, na mwendo wa nusu saa wanapokezana pumzi moja. Darasani ni hivyohivyo: siku ya mvua inayopiga bati, wanafunzi wa nyuma hawanisikii, wanasogea mbele, wanafunga madirisha ya upande wa upepo, na siku chache baadaye naona madawati matupu kwenye daftari la mahudhurio. Nyumbani kuna moshi juu ya hayo. Shirika la Afya Duniani lilihesabu watoto zaidi ya 740,000 wa chini ya miaka mitano waliokufa kwa nimonia mwaka 2019, na linakadiria kwamba karibu nusu ya vifo vya nimonia vya watoto wa umri huo vinahusiana na moshi wa kupikia ndani ya nyumba. Baridi ndiyo inayoliingiza jiko chumbani. (Jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa lina hatari nyingine inayoua ndani ya usiku mmoja bila kirusi chochote, na kila kipupwe tunasikia habari hizo.) Chanjo ya nimokoka, bakteria wanaosababisha nimonia, ambayo Kenya iliianza mwaka 2011 na Tanzania mwanzoni mwa 2013, imepunguza sehemu ya mzigo huu, ila haizuii moshi wala RSV.

Nisieleweke kwamba hali ya hewa ina mkono wa lazima katika kila ugonjwa wa njia ya hewa. Kuna maradhi inayoyaendesha kama saa: homa ya uti wa mgongo katika ukanda wa Sahel, kutoka Senegal hadi Ethiopia, hupanda katika miezi ya ukavu na vumbi na kuzimika mvua za kwanza zinaponyesha, na mlipuko wa 1996 na 1997 uliwapata watu zaidi ya 250,000. Lakini kirusi kikiwa kigeni kabisa, na watu wote hawana kinga, hakingoji majira. Mwanzoni mwa 2020 niliwasikia wengi wakisema, na nilisema pia, kwamba jua la Afrika litamaliza korona. Mei 2021 India, katika miezi yake ya joto kali, iliandikisha wagonjwa wapya zaidi ya 400,000 kwa siku moja.

Jambo la mwisho nililolisoma ndilo lililobadilisha nyumba yangu. Watafiti waliokuwa Lima, Peru, walipima vyumba 70 katika hospitali nane, wakitazama hewa ya chumba inabadilishwa mara ngapi kwa saa, kwa kuwa kifua kikuu huambukiza kwa hewa iliyotuama. Vyumba vya majengo ya zamani, yaliyojengwa kabla ya 1950, vyenye dari ndefu na madirisha makubwa pande mbili, vilipofunguliwa vilibadilisha hewa kuliko vile vya kisasa, na kuliko hata vyumba vilivyofungwa mashine za gharama. Nilikwenda kuitazama tena nyumba ya bibi. Alikwisha fariki, anaishi mjomba na familia yake. Nilimwomba ruhusa nikatoboa tundu mbili juu kabisa ya ukuta, chini ya bati, moja kila upande, mahali ambapo upepo hauwagusi waliolala. Mjomba aliniambia, "Mwalimu, unatuletea baridi," na Julai ile moja ya tundu niliikuta imezibwa kwa gunia. Tulibishana kidogo, tukakubaliana gunia litolewe jioni wakati wa kupika na lirudi alfajiri, ubaridi unapokuwa mkali zaidi.

Tanga kazi ilikuwa rahisi zaidi. Shemeji alijifungua tena Novemba mwaka juzi, na safari hii tulikaa mapema. Binti yangu, ambaye sasa yuko sekondari, aliambiwa kwamba akiwa na mafua atamwona mtoto kwa kupunga mkono kutoka mlangoni, na wageni wote walionyeshwa ndoo ya maji na sabuni kabla ya kuonyeshwa mtoto. Feni ilirudi chumbani, ikageuzwa ielekee dirishani ili itoe hewa nje. Mama mkubwa alipokuja kutoa hongera alisimama akaitazama inavyozunguka, akavuta sweta la sufi la mtoto kutoka kwenye mkoba wake, akampa shemeji bila kusema neno. Shemeji akalipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akalikunja vizuri na kuliweka juu ya kiti, na feni ikaendelea kuzunguka.